Kurusha shoka kama mchezo: Nani ajaribu, nani asubiri, na nini cha kuchunga

Wiki hii naanza na ujumbe niliotumiwa na mama mmoja wa Morogoro mwenye umri wa miaka 58. Anasafiri kwenda Toronto, Kanada, kumwona mjukuu wake wa kwanza. Mwanawe amemwambia kwamba Jumamosi moja watakwenda yeye, mkewe na wafanyakazi wenzake mahali ambapo watu wanalipa fedha ili warushe mashoka kwenye ubao, na mama naye amehesabiwa humo. Alidhani anataniwa. Alipohakikishiwa kuwa ni kweli, akaniuliza: yeye ana presha na kisukari kwa miaka tisa sasa, je, akatae au aende?

Si yeye peke yake anayeuliza. Wapo wazazi walionionyesha video za watoto wao walioko masomoni Marekani na Ulaya wakirusha mashoka, wakitaka kujua kama watoto wamepatwa na nini. Wapo pia maofisa wanaotafuta kitu kipya cha kuweka kwenye bonanza la ofisi badala ya kuvuta kamba na kukimbia na magunia. Kwa hiyo leo tulizungumze jambo hili kitabibu, tangu bega hadi kidonda.

Mchezo wenyewe ukoje

Kwetu shoka ni chombo cha kazi. Linachanja kuni, linaangusha mti, likichakaa linapelekwa kwa mhunzi. Huko Amerika ya Kaskazini nako lilianza hivyo hivyo. Wakata magogo walipokuwa wakiishi kambini misituni walishindana kukata, kupanda magogo na kurusha mashoka, na mashindano hayo ya wakata miti yapo hadi leo.

Mchezo wa mjini tunaouzungumzia ni mpya. Mwaka 2006 mkazi mmoja wa Toronto, Matt Wilson, alianza kuwaalika rafiki zake warushe mashoka nyuma ya nyumba. Watu wakaongezeka, mchezo ukahamia ndani ya majengo, na leo uko katika miji mingi ya Kanada, Marekani, Uingereza na Australia. Mwaka 2016 liliundwa shirikisho la mchezo huo, na mwaka 2017 ikaundwa ligi ya kimataifa iitwayo World Axe Throwing League, yenye kanuni na mashindano yake.

Ukifika unakuta vyumba virefu vilivyotengwa kwa uzio wa waya, mfano wa mabanda yaliyopangwa bega kwa bega. Mwisho wa kila chumba kuna mbao laini zilizochorwa duara. Mrushaji anasimama karibu mita nne kutoka kwenye ubao. Shoka lake ni dogo, uzito wake huwa kati ya robo tatu ya kilo na kilo moja na ushei. Linaporushwa vizuri hujizungusha mara moja tu hewani kisha makali yanazama kwenye mbao. Kila mchezaji hurusha mara kumi, pointi zinajumlishwa, anaingia mwingine.

Nilichokiona nilipojaribu

Miaka michache iliyopita nilikuwa Toronto kwa mafunzo mafupi. Tulikuwa madaktari na wauguzi kumi na wawili kutoka nchi mbalimbali, na kwa wiki mbili za kwanza tulisalimiana asubuhi na kuagana jioni, basi. Mwenyeji wetu akatupeleka kurusha mashoka.

Kabla hatujashika chochote, mwalimu wa pale alitueleza kanuni kwa robo saa nzima. Anayevaa ndala au viatu vya wazi hachezi. Ndani ya uzio wanaingia wawili tu, kila mmoja na ubao wake, na wanarusha pamoja. Hakuna anayekwenda kuchomoa shoka lake mpaka mwenzake naye awe amerusha. Shoka halipokezanwi mkono kwa mkono. Ukimaliza unaliweka mahali pake, mwenzako ndipo analichukua. Na likirudi sakafuni usijaribu kulidaka wala kulizuia kwa mguu, bali rudi nyuma na uliache litulie.

Kisha akatufundisha kurusha kwa mikono miwili: mguu mmoja mbele, shika mpini kama unayetaka kuchanja kuni, peleka shoka nyuma ya kichwa, lete mikono mbele ikiwa imenyooka, achia shoka linapofika usawa wa macho. Wanaume wenye misuli walianza kwa nguvu, mashoka yakagonga ubao kwa mpini na kudondoka. Muuguzi mmoja mwembamba kutoka Ufilipino, aliyekuwa akirusha polepole, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulizamisha. Mwalimu akatueleza kuwa nguvu haina kazi kubwa hapo. Shoka likizunguka kupita kiasi, unasogea mbele nusu hatua. Likizunguka pungufu, unarudi nyuma nusu hatua. Mkono unabaki ule ule.

Mimi nilicheza rede utotoni, kwa hiyo kulenga hakukuwa kugeni. Nililizamisha mara nne katika kumi. Kesho yake bega la kulia na misuli ya mgongo wa juu viliuma kidogo, kama mtu aliyefua mashuka ya nyumba nzima. Lakini nilichokibeba zaidi ni kwamba asubuhi ile chumba cha mafunzo kilikuwa na kelele. Watu kumi na wawili waliokuwa wakinong'ona sasa walikuwa wakitaniana kuhusu nani aliangusha shoka mara ngapi.

Je, hili ni zoezi?

Nijibu kwa ukweli: ni zoezi dogo. Ndani ya saa moja utarusha mara chache, na muda mwingi utakuwa umesimama ukingoja zamu yako. Kurusha shoka hakutapunguza kitambi wala hakutashika nafasi ya kutembea. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama kutembea kwa haraka, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mchezo huu hauwezi kujaza hesabu hiyo.

Unachofanya ni kuamsha misuli ambayo wengi wetu tumeisahau. Kurusha kitu kutoka juu ya kichwa hutumia miguu, kiuno, tumbo, mgongo, bega na mkono kwa mpangilio. Mtu anayekaa ofisini saa nane, au anayeendesha bajaji kutwa, mikono yake haipandi juu ya mabega hata mara tano kwa siku. Ndiyo maana ukiamua kujaribu, usianze ukiwa baridi. Tembea dakika tano, zungusha mabega mbele na nyuma, geuza kiuno kulia na kushoto, kisha rusha mara tatu za kwanza polepole kabisa.

Pima bega lako nyumbani

Bega ndilo kiungo kinacholalamika kwanza. Kifundo cha bega kinashikiliwa na kundi la misuli minne na kano zake, na kuanzia miaka ya arobaini kano hizo huanza kuchoka na kuchanika kidogo kidogo hata bila mtu kujua. Kabla ya kurusha shoka, au kabla ya kurudi kwenye mpira wa wavu na kikapu baada ya miaka mingi, fanya vipimo hivi vitatu mbele ya kioo:

Kwanza, nyanyua mikono yote miwili juu hadi iguse masikio. Pili, peleka mkono nyuma ya shingo kama unayefunga mkufu. Tatu, peleka mkono mgongoni kama unayefunga sidiria au kuchomeka shati. Fanya kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto.

Ukiweza vyote bila maumivu, bega lako linafaa kujaribu. Mkono ukikwama njiani, au ukiuma kiasi cha kukunja uso, usirushe kitu chochote kutoka juu ya kichwa mpaka umeonwa na daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo. Wenye kisukari nawasisitiza zaidi. Wao hupata bega lililoganda mara nyingi kuliko wengine, hasa kati ya miaka 40 na 60. Huanza na maumivu yanayozidi usiku, baadaye mkono unakataa kupanda, kuchana nywele kunakuwa kazi. Wengi hudhani wamelalia mkono vibaya na kuchua kwa miezi. Bega la namna hiyo ukililazimisha, unaliongezea maradhi.

Wenye presha na kisukari

Sasa nimjibu mama wa Morogoro na wengine wenye hali kama yake.

Presha peke yake haikukatazi kucheza. Inayokataza ni presha isiyodhibitiwa. Pima siku hiyo asubuhi ukiwa umepumzika. Ikifika 180 kwa 110 au zaidi, mchezo uahirishe na uende kituo cha afya. Ikiwa iko katika kiwango ambacho daktari wako amekizoea, meza dawa zako kama kawaida na uende. Ukiwa pale, jambo moja ulichunge: usizuie pumzi. Watu wengi wanapotaka kurusha kitu hujaza hewa kifuani, hubana na kujikaza. Kujikaza huko kunapandisha presha ghafla. Toa pumzi unapoachia shoka. Ukisikia kizunguzungu, kifua kubana au kichwa kugonga, kaa chini na uwaambie wenzako.

Kwa kisukari, hatari kubwa siku ya matembezi ni sukari kushuka. Mtu hutoka nyumbani mapema, amechoma insulini au amemeza dawa kama glibenclamide au gliclazide, chakula kinachelewa, na msisimko unamsahaulisha. Sukari ikishuka mikono hutetemeka, jasho linatoka, mtu anachanganyikiwa. Fikiria hali hiyo mkononi mwa mtu aliyeshika shoka. Kula kabla ya kwenda. Kama una kipimo, pima: ikiwa chini ya 5, kula kipande cha mkate au ndizi kwanza. Ikiwa chini ya 4, hiyo tayari imeshuka. Koroga vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, kaa dakika 15 kisha pima tena. Siku hiyo uwe mtazamaji mpaka irudi sawa.

Jambo lingine ni miguu. Kisukari cha miaka mingi kinapunguza hisia za nyayo. Viatu vya kufunika, vyenye soli imara na vilivyokutosha ni lazima, na jioni ukirudi kagua miguu yako kwa macho, kwa sababu usipohisi hutajua umechubuka.

Mama, kwa maelezo uliyonipa kwamba dawa unazimeza na vipimo vyako vya mwezi uliopita vilikuwa vizuri, nenda. Ila fanya kwanza vipimo vile vitatu vya bega. Na kabla ya safari kapimwe macho. Kisukari cha miaka tisa kinaweza kuwa kimegusa mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho, na mwenye mishipa ya namna hiyo isiyotibiwa hatakiwi kujikaza kwa nguvu, iwe kwa shoka au kwa kunyanyua ndoo. Uchunguzi huo ulitakiwa kufanyika kila mwaka hata bila Toronto.

Wengine wa kusubiri

Wajawazito wasirushe. Tumbo linapokua mwili hupoteza mizani na viungo hulegea, na mahali penye vitu vyenye makali si pa kujaribia mizani. Mwenye kifafa ambacho bado kinampata asishike shoka. Mwenye kumeza dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, ajue kuwa mkato mdogo kwake utatoka damu muda mrefu, hivyo amwulize kwanza daktari anayemtibu. Aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, ngiri au tumbo hivi karibuni asubiri ruhusa ya aliyempasua. Na kila mwenye miwani avae, kwa sababu vibanzi vya mbao huruka.

Kusubiri si kubaki nyumbani. Kila kundi linahitaji mtu wa kuhesabu pointi, wa kupiga picha, wa kushangilia na wa kuwazomea kwa utani wanaokosa. Mgonjwa akiachwa nyumbani kila wenzake wanapotoka, ugonjwa unamwondolea na watu pia.

Pombe na shoka

Sehemu nyingi za mchezo huu huuza bia pale pale. Wenye nazo wana taratibu zao za kumzuia aliyezidisha, lakini mimi ni daktari na nitasema langu. Pombe hupunguza kasi ya ubongo kuupa mkono amri, hupotosha makadirio ya umbali, na humfanya mtu ajione hodari kuliko alivyo. Kwa anayetumia dawa za kisukari huweza pia kushusha sukari saa kadhaa baadaye, hata akiwa usingizini. Rusheni kwanza, mkirudisha mashoka ndipo anayekunywa anywe.

Hasira haziishi kwa kurusha

Utasikia watu wakisema mchezo huu unatoa hasira. Wengine hubandika picha ya bosi au ya mpenzi waliyeachana naye kwenye ubao. Hapa naomba unisikilize vizuri.

Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman wa Iowa State University nchini Marekani alichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi waliokuwa wamekasirishwa makusudi. Baadhi walipiga mfuko wa ngumi huku wakimfikiria aliyewakasirisha. Hao ndio waliobaki na hasira zaidi, kuliko hata wale waliokaa kimya bila kufanya chochote. Mwaka 2024 yeye na mwenzake, Sophie Kjærvik, walichapisha mapitio ya tafiti zaidi ya 150, na walichokiona ni kwamba kinachopunguza hasira ni kuutuliza mwili: kuvuta pumzi taratibu, kulegeza misuli, kutafakari. Kuuchemsha mwili hakusaidii.

Kwa hiyo cheza kwa sababu unataka kucheka na wenzako. Usibandike picha ya mtu. Unaporusha silaha ukimwaza mtu, ubongo wako unajizoeza kumdhuru. Na kama ndani ya nyumba yako kuna hasira ambazo zimeshafikia kupigana au kutishiana kwa panga na shoka, hilo halina mchezo. Tafuta msaada ustawi wa jamii, dawati la jinsia polisi, au kwa kiongozi unayemwamini, leo.

Wazazi na watoto

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mimi niliyeshona vidole vya watoto nasema methali hiyo ina mahali pake, na shokani sipo.

Mtoto hujifunza kwa kuiga. Akiona video ya mjomba anarusha shoka, kesho ataenda stoo. Mzazi, mambo manne ya kufanya. Kwanza, shoka, panga na jembe vihifadhiwe mahali panapofungwa, makali yakiwa yamefunikwa, si kuegeshwa mlangoni. Pili, mweleze mtoto wazi kwamba aliowaona walikuwa na uzio, mwalimu na ubao maalumu. Tatu, kama mko nchi ambako mchezo huo upo, ulizeni umri unaoruhusiwa kabla ya kumwahidi mtoto, maana kila mahali pana kiwango chake, na hata anaporuhusiwa asimame na mzazi wake. Nne, mpe mbadala. Kulenga ni raha ya asili ya mtoto. Rede, kuangusha makopo kwa mpira wa makaratasi, kurusha pete kwenye kigingi, vyote vinamfundisha macho na mkono kushirikiana. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na rede ya saa moja inampa zote.

Na ninyi watu wazima msijitengenezee mchezo huu uani. Shoka letu la kuni ni zito na mara nyingi kichwa chake kinacheza kwenye mpini. Mbao zetu nyingi, kama mninga na mkongo, ni ngumu, hivyo shoka likifika linadunda na kurudi kwa aliyelirusha. Kule huchagua mbao laini, huzilowesha maji na kuzibadilisha zinapochakaa. Shina la mti nalo ni la mviringo, huwezi kujua shoka litarukia wapi. Ofisi inayotaka kulenga shabaha kwenye bonanza ichukue vishale, mchezo ambao tayari una wachezaji na vilabu hapa kwetu, na isimamie zamu kama nilivyoeleza.

Ikitokea ajali

Maelezo haya yanafaa hata kwa aliyejikata jikoni au shambani.

Damu inapotoka kwa wingi, chukua kitambaa safi, kandamiza moja kwa moja juu ya jeraha kwa nguvu, usiachie kuchungulia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kwenye mkono au mguu, damu ikigoma kabisa na inaruka, funga kitambaa kipana kwa kukaza juu ya jeraha, upande ulio karibu na moyo, andika saa uliyofunga, na mkimbize hospitali. Kitu kilichozama mwilini usikichomoe, kizungushie vitambaa kisitikisike na uende nacho hivyo hivyo. Kidole kikikatika, kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo uweke kwenye maji yenye barafu. Barafu isikiguse kidole chenyewe.

Usiweke majani ya chai, kahawa, mafuta ya taa, dawa ya meno wala udongo. Tunapoteza muda mrefu kuondoa vitu hivyo na jeraha linaingia vijidudu.

Halafu kuna pepopunda. Watoto wetu huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na wanawake huongezewa wanapokuwa wajawazito. Mwanaume mtu mzima je? Wengi hawajachomwa tangu utotoni. Kwa jeraha chafu au la kina, ikiwa imepita zaidi ya miaka mitano tangu sindano yako ya mwisho, au huikumbuki kabisa, mwambie mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Kwa anayesafiri, sehemu hizi hukutaka usaini fomu ya kukubali kubeba hatari mwenyewe. Isome, au mwombe mwanao akutafsirie, kabla ya kusaini. Pia angalia kama bima yako ya safari inagharimia majeraha ya michezo ya namna hii. Matibabu huko ni ghali mno kwa asiye na bima.

Mara ya mwisho ulicheza lini?

Nimemaliza maonyo, sasa niseme kwa nini sikumkataza yule mama.

Mwaka 2025 kamisheni ya WHO kuhusu mahusiano ya kijamii ilitoa ripoti inayosema mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke, na kwamba upweke unaongeza hatari ya kiharusi, magonjwa ya moyo, kisukari, msongo na sonona. Tumezoea kudhani hayo ni ya Wazungu. Lakini mimi kliniki yangu naiona. Mwanaume wa miaka 52 ambaye marafiki zake wote ni wa kazini, na kustaafu kumebaki miaka michache. Mama wa miaka 45 ambaye akitoka nyumbani anakwenda sokoni, kanisani au msikitini, kikoba, na msibani. Nikiwauliza mara ya mwisho walicheza lini, wanacheka kama nimewauliza jambo la aibu. Wengi hutaja shule ya msingi.

Kuna faida katika kufanya na wenzako kitu ambacho hakuna anayekijua. Bosi na mhudumu wanakosa wote. Bibi na mkwe wanacheka pamoja kabla hawajazoeana kuzungumza. Kwa mama anayekutana na mkwe wake ana kwa ana kwa mara ya kwanza, saa moja ya namna hiyo ina thamani kuliko mazungumzo mengi ya sebuleni.

Wewe usiye na safari ya Toronto huhitaji shoka. Jumamosi hii klabu ya jogging ya mtaani kwenu itapita, na nyingi zina kundi la nyuma linalotembea tu. Kuna bao chini ya mwembe, kuna vishale, kuna binti zako wanaocheza rede uani ambao hawajawahi kumwona mama yao akirusha mpira. Chagua kimoja, nenda na mtu mwingine, na upange siku ya kurudia. Kwenda mara moja ni matembezi, faida kwa afya inakuja kwa kurudia.

Kama una maradhi ya muda mrefu na hujui mchezo gani unakufaa, nenda na daftari lako la kliniki umwulize daktari wako swali hilo hilo. Ni swali la tiba kama mengine, usione haya.

Wiki ijayo tutaangalia maumivu ya kisigino yanayowapata wanaoanza mazoezi kwa pupa.